Kuandaa mashua ya ILCA kwa mashindano

Kuandaa mashua ya ILCA kwa mashindano ni kazi ya kuunganisha mlingoti, tanga, kamba, usukani na ubao wa kati wa mashua ndogo ya mbio ya ILCA kwa namna inayokubaliwa na kanuni za daraja lake. ILCA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana zaidi kwa jina la Laser, ni mashua ya baharia mmoja yenye tanga moja. Ni moja kati ya mashua za mbio zilizoenea zaidi duniani: zaidi ya 200,000 zimekwisha kutengenezwa.

Katika mbio za matanga, "daraja" ni kundi la mashua zinazofuata kanuni zilezile. Kanuni za ILCA ni kali kuliko za madaraja mengi. Lengo lake ni kwamba mshindi apatikane kwa ustadi wa baharia, si kwa fedha alizotumia kununua vifaa. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo finyu kuna nafasi ya kuchagua, hasa katika kamba, na uchaguzi huo unaweza kuamua matokeo ya mbio na pia usalama wa baharia.

## Mashua yenyewe

Mwili wa ILCA hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa utomvu wa plastiki. Una urefu wa takriban mita 4.2, upana wa takriban mita 1.4 na uzito wa takriban kilogramu 59. Watu wawili wanaweza kuubeba hadi majini.

Mashua hii ina ukubwa wa aina tatu za tanga:

- ILCA 7 – tanga la mita za mraba 7.06, kwa mabaharia wazito;
- ILCA 6 – tanga la mita za mraba 5.76, kwa mabaharia wa uzito wa kati;
- ILCA 4 – tanga la mita za mraba 4.7, hasa kwa vijana.

Mwili, boriti, usukani na sehemu ya juu ya mlingoti ni vilevile kwa aina zote tatu. Kinachobadilika ni tanga pamoja na urefu wa sehemu ya chini ya mlingoti. Kwa hiyo kijana anayekua anaweza kuendelea na mashua ileile kwa kubadilisha vitu hivyo viwili tu.

Tofauti na jahazi au ngalawa, tanga la ILCA halining'inii kwenye foromali wala halitwekwi kwa jarari. Ukingo wake wa mbele umeshonwa kama mfuko mrefu, na mlingoti huingizwa ndani ya mfuko huo. Mlingoti hauna kamba za kuushikilia pembeni; husimama kwa nguvu zake ndani ya shimo lililo kwenye sitaha. Chini ya tanga kuna boriti, yaani mti wa kulala unaounganishwa na mlingoti kwa mbele na kushika pembe ya nyuma ya tanga.

## Historia

Mashua hii ilianza mwaka 1969, wakati Ian Bruce wa Kanada alipomwomba mbunifu Bruce Kirby mchoro wa mashua ndogo inayoweza kubebwa juu ya gari. Tanga la kwanza lilitengenezwa na Hans Fogh. Mashua ilionyeshwa kwa umma katika maonyesho ya vyombo vya majini ya New York mnamo Januari 1971. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Bermuda mwaka 1974.

Laser iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996. Robert Scheidt wa Brazil alishinda dhahabu mwaka huo na tena mwaka 2004. Katikati, mwaka 2000, alishindwa na Ben Ainslie wa Uingereza. Aina yenye tanga la mita za mraba 5.76 ikawa mashua ya wanawake kuanzia Olimpiki ya mwaka 2008. Katika Olimpiki mashua hutolewa na waandaaji, hivyo hakuna mshindani anayekuja na mashua yake ya siri.

## Msingi wa kanuni

Madaraja mengine huweka vipimo, kisha humwacha mjenzi au mwenye mashua afanye apendavyo ndani ya vipimo hivyo. Kanuni za ILCA zinakwenda kinyume cha hapo: jambo lolote ambalo halikuruhusiwa waziwazi limekatazwa. Mwili, mlingoti, boriti, tanga, fito za tanga na vifaa vingine lazima vitoke kwa watengenezaji waliopewa kibali, na vitumike kama vilivyotolewa. Hakuna kuongeza, kupunguza wala kuhamisha kitu isipokuwa pale ambapo kanuni imesema inawezekana.

Baadhi ya matokeo ya msingi huo ni haya:

- Umbo la mwili, usukani na ubao wa kati halibadilishwi. Kuosha na kung'arisha kunaruhusiwa.
- Mlingoti au boriti iliyopinda na kubaki imepinda haitumiki kamwe.
- Utepe unaweza kutumika kukaza maungio ya mlingoti yaliyolegea kwa kuchakaa.
- Matundu ya ukaguzi yenye vifuniko visivyopitisha maji yanaweza kutobolewa, mradi kipenyo chake cha ndani kisizidi milimita 153.
- Nyuzi nyepesi za kuonyesha mwelekeo wa hewa zinaweza kubandikwa kwenye tanga.

Eneo ambalo kanuni zimeacha uhuru mkubwa zaidi ni kamba za kurekebisha tanga. Uhuru huo nao una historia yake. Kwa miaka mingi mfumo wa kushusha boriti ulikuwa na makapi machache, na kuukaza katika upepo mkali kulihitaji nguvu nyingi. Kanuni ilikataza kuongeza makapi, lakini haikukataza kufunga vitanzi. Mabaharia wakaanza kufunga vitanzi kwenye kamba na kuipitisha ndani yake, kana kwamba kila kitanzi ni kapi. Msuguano ulikuwa mkubwa na kamba ziliharibika upesi, lakini aliyejua mafundo hayo alipata faida juu ya asiyeyajua. Mwaka 2001 kanuni zilibadilishwa na makapi ya ziada yakaruhusiwa. Badiliko hilo liliwasaidia hasa mabaharia wepesi na wale wasio na nguvu nyingi mikononi.

## Kamba za kurekebisha tanga

### Kamba ya kushusha boriti

Kamba hii hutoka chini ya mlingoti na kushika boriti kwa mbele, ikiivuta kuelekea chini. Ni muhimu zaidi katika ILCA kuliko katika mashua nyingi, kwa sababu mlingoti hauna kamba za pembeni. Ikikazwa, hufanya mambo mawili kwa pamoja: huzuia boriti isipande, na huupinda mlingoti. Mlingoti ukipinda, katikati yake husogea mbele, kitambaa hunyooka na tumbo la tanga hupungua.

Mifumo ya kisasa huzidisha nguvu ya mkono mara 15, kabla ya kutoa kiasi kinachopotea kwa msuguano. Faida hiyo ina gharama: ili kushusha ncha ya mfumo kwa sentimita 2, baharia hana budi kuvuta sentimita 30 za kamba. Kwa hiyo kamba lazima iwe na urefu wa kutosha kulegezwa kabisa wakati mashua inakwenda na upepo. Kamba fupi mno hufanya boriti ibaki chini, na ncha yake ikigusa maji mashua inaweza kupinduka.

### Kamba ya Cunningham

Kamba hii ina jina la Briggs Cunningham, baharia wa Marekani aliyeongoza chombo kilichoshinda Kombe la Amerika mwaka 1958. Hupita kwenye tundu lililo karibu na pembe ya chini ya mbele ya tanga na kuuvuta ukingo wa mbele kuelekea chini. Ikikazwa, tumbo la tanga husogea mbele, na sehemu ya juu ya ukingo wa nyuma hufunguka ili kuachilia upepo uliozidi. Baharia mwepesi hutegemea kamba hii kuliko mzito, kwa kuwa hana uzito wa kutosha wa kuisawazisha mashua upepo unapoongezeka.

### Kamba ya pembe ya nyuma

Pembe ya nyuma ya tanga hushikwa na vitu viwili. Cha kwanza ni mkanda au kamba fupi inayozunguka boriti ili pembe isiinuke. Cha pili ni kamba ndefu inayoivuta pembe kuelekea mwisho wa boriti. Kamba hii ya pili huamua kina cha tumbo la tanga katika sehemu ya chini. Kipimo cha kawaida ni nafasi iliyopo kati ya boriti na ukingo wa chini wa tanga, katikati ya boriti: mabaharia wengi huipima kwa kiganja, kisha huongeza au kupunguza.

Mkanda unaozunguka boriti unapaswa kubana lakini uweze kuteleza. Ukilegea, pembe huinuka na marekebisho yote ya kamba ndefu hupoteza maana.

### Demani

Kamba kuu ya kuvuta na kuachia tanga, ambayo mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki huiita demani, imewekewa masharti mengi. Lazima iwe kamba moja isiyounganishwa, yenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, na isiwe nyembamba kuliko milimita 6. Njia yake pia imetajwa: inaanzia kwenye kapi la nyuma ya boriti, inashuka kwenye kapi la kamba ya nyuma, inarudi juu kwenye boriti, inakwenda mbele na hatimaye kushuka kwenye kapi lililo sakafuni. Baada ya kapi hilo mwisho wa kamba lazima ufungwe fundo au ufungiwe mahali ili usichomoke.

Sharti la unene lina maana. Kamba nyembamba ni nyepesi na hupita kwenye makapi kwa urahisi, hasa katika upepo mdogo, lakini huumiza mikono. Bila kikomo, washindani wangeendelea kupunguza unene hadi ingekuwa vigumu kuishika.

### Kamba ya nyuma

Hii ni kamba iliyofungwa kama pembetatu juu ya kana ya usukani, ikipita kwenye matundu mawili yaliyo pembeni mwa sitaha. Juu yake hutembea kapi la demani, kutoka upande mmoja hadi mwingine mashua inapogeuka. Kanuni inataka pembetatu hiyo iwe sahili na iliyofungwa, na mwisho wake ushikwe na kishikio chake. Mabaharia huikaza sana wanapopiga bisho, ili kapi libaki pembeni mwa mashua badala ya kuvutwa katikati na juu.

## Hatua za kuandaa

Utaratibu unaweza kutofautiana kidogo, lakini kwa kawaida huwa hivi:

1. Mashua huelekezwa upande unakotoka upepo. Tanga la ILCA haliwezi kushushwa kwa kamba, hivyo likijazwa upepo mashua ikiwa nchi kavu, linaweza kuiangusha.
2. Shimo la mlingoti husafishwa kwa maji baridi. Mchanga ulio ndani yake husaga mlingoti na shimo lenyewe kila mlingoti unapozunguka. Uchakavu wa shimo ni moja kati ya sababu kuu za mashua kuukuu kuvuja.
3. Sehemu mbili za mlingoti huunganishwa, na maungio hukaguliwa yasiwe na mchezo.
4. Fito tatu huingizwa kwenye mifuko yake katika tanga, kisha tanga huvishwa mlingotini.
5. Mlingoti huinuliwa wima na kuingizwa shimoni. Kamba ya kuuzuia usichomoke hufungwa mara moja.
6. Boriti huunganishwa na mlingoti; kamba ya kushusha boriti, ya pembe ya nyuma na ya Cunningham hupitishwa mahali pake.
7. Demani hupitishwa kwenye makapi kwa mpangilio uliotajwa na kanuni. Ncha yake hufungwa fundo lenye umbo la nane.
8. Usukani huwekwa nyuma, na baharia huhakikisha kwamba kizuizi chake kimefyatuka ili usichomoke mashua ikipinduka. Kana hupitishwa chini ya kamba ya nyuma.
9. Kizibo cha tundu la kutolea maji hukazwa. Kusahau kizibo ni kosa dogo linaloweza kuujaza mwili maji katikati ya mbio.
10. Ubao wa kati huchukuliwa na kufungwa kwa kamba yake, lakini hushushwa pale tu maji yanapokuwa na kina cha kutosha.

Baada ya mbio, kamba zote hulegezwa na vifaa huoshwa kwa maji baridi. Tanga huviringishwa badala ya kukunjwa, kwa sababu mikunjo hudhoofisha kitambaa.

## Marekebisho kulingana na upepo

Mambo yafuatayo ni mwongozo wa jumla kwa mashua inayopiga bisho, yaani inayokwenda kuelekea upepo kwa kupindapinda.

Upepo mdogo. Kamba ya kushusha boriti hukazwa kidogo tu, kiasi cha kuondoa ulegevu. Cunningham huachwa. Tumbo la tanga huachwa na kina cha wastani. Tanga lililojaa mno hufanya hewa dhaifu ishindwe kulifuata hadi nyuma.

Upepo wa kati. Demani huvutwa hadi makapi ya nyuma yanakaribiana, na kamba ya kushusha boriti hukazwa kiasi cha kuishika boriti katika kimo hicho demani ikiachiwa. Hapa mashua hupata nguvu nyingi zaidi, na baharia huanza kutoa mwili nje ili kuisawazisha.

Upepo mkali. Kamba ya kushusha boriti na Cunningham hukazwa sana, na pembe ya nyuma huvutwa hadi sehemu ya chini ya tanga karibu inyooke. Tatizo la hali hii ni kwamba boriti hukaa chini sana, na baharia hupata shida kupita chini yake mashua inapogeuka. Wengi hulegeza kidogo kamba ya kushusha boriti kabla ya kugeuka.

Mashua inapokwenda na upepo, kamba hizo hulegezwa ili tanga lirudishe tumbo lake. Kamba ya kushusha boriti isilegezwe kupita kiasi: sehemu ya juu ya tanga ikisogea mbele ya mlingoti, hulisukuma tanga kuelekea upande wa upepo na mashua hupinduka juu ya baharia.

## Usalama

Baadhi ya masharti ya kanuni hayahusu kasi. Muhimu zaidi ni la kufunga mlingoti. Mashua ikipinduka kabisa, mlingoti huelekea chini na unaweza kuteleza nje ya shimo. Ukitoka nusu, uzito wa tanga lililojaa maji huugeuza kuwa mtaimbo na unaweza kupasua sitaha. Ukitoka wote, baharia hubaki bila chombo cha kumrudisha pwani. Kwa hiyo kanuni inataka kitanzi cha kamba au cha mpira kiunganishe mlingoti na sitaha, lakini kiruhusu mlingoti kuzunguka nyuzi 180.

Ubao wa kati nao lazima ufungwe. Baharia husimama juu ya ubao huo ili kuirudisha mashua iliyopinduka. Ukielea mbali, kuirudisha kunakuwa kugumu mno.

## Ukaguzi na adhabu

Jukumu la kufuata kanuni ni la baharia mwenyewe. Katika mashindano makubwa wakaguzi hupima vifaa kabla ya mbio au kukagua mashua zinaporudi. Mshindani yeyote pia anaweza kulalamika rasmi dhidi ya mwenzake. Ikithibitika kwamba mashua haikufuata kanuni, inaweza kuondolewa katika matokeo, hata kama kosa halikuongeza kasi.

## Mjadala kuhusu usawa

Wanaounga mkono kanuni kali husema zimeifanya mashua idumu: kwa kuwa umbo halibadiliki, mashua ya zamani iliyotunzwa vizuri bado inaweza kushindana.

Upande wa pili wa kanuni hiyohiyo ni kwamba mnunuzi hana pengine pa kwenda. Tanga rasmi la mtengenezaji mwenye kibali linaweza kuuzwa ghali kuliko tanga linalofanana nalo lisilo rasmi, lakini lile lisilo rasmi haliruhusiwi mbioni. Klabu nyingi hutumia matanga yasiyo rasmi kwa mafunzo na kuweka yale rasmi kwa mashindano. Suala la nani ana haki ya kutengeneza lilifikia kilele mwaka 2019, pale chama cha daraja kilipomwondolea kibali mtengenezaji mmoja mkubwa baada ya mgogoro kuhusu ukaguzi wa kiwanda. Jina la Laser lilikuwa alama ya biashara isiyomilikiwa na chama, ndiyo sababu mashua ikapewa jina la ILCA. Tangu hapo watengenezaji wapya wamepewa vibali katika nchi mbalimbali. Mashua za zamani zenye jina la Laser na zilizo na alama rasmi zinaendelea kukubaliwa.

## Afrika

Mashua za ILCA hutumika katika klabu za matanga za pwani ya Afrika Mashariki, zikiwemo za Dar es Salaam na Mombasa. Allan Julie wa Shelisheli alishiriki Olimpiki kadhaa katika daraja la Laser, na Deizy Nhaquile wa Msumbiji alishindana kwa mashua yenye tanga la mita za mraba 5.76 katika Olimpiki ya Tokyo.